Mtoto wa paka kafiwa na mama, amepoa na anaharisha: nianze na lipi?

FundiNgamiani

Assalam aleikum wanajamvi. Mimi fundi cherehani, kibanda changu kiko Ngamiani, Tanga. Kuna paka alijifungulia nyuma ya mafurushi yangu ya vitambaa. Jana jioni kagongwa na bodaboda, kafa palepale. Watoto walikuwa watatu. Asubuhi nafungua kibanda, wawili wamekufa na sisimizi wamewajaa, mmoja bado anahema. Nimemleta nyumbani.

Hali yake ni hii. Macho hayajafunguka. Kitovu bado kinaning'inia, kimekauka. Ukimshika tumboni na miguuni ni wa baridi kama samaki aliyetoka kwenye barafu. Anafungua mdomo kulia, sauti haitoki. Mama mwenye nyumba, kwa huruma zake, kamnywesha maziwa ya ng'ombe kwa kijiko. Mengine yakamtokea puani, na haikupita muda akaharisha uharo wa manjano. Viroboto ndio usiseme.

Sasa kila mtu hapa ana dawa yake. Mmoja anasema tone moja la Panadol ya maji. Mwingine mafuta ya taa, eti yanamaliza viroboto. Wa tatu anasema Tanga hii ina joto, muweke tu kwenye boksi atapona mwenyewe. Juu ya hayo mke wangu ni mjamzito, na dada yake keshamtia hofu kwamba paka anaharibu mimba.

Nilicho nacho: boksi la viatu, bomba la sindano la mililita 5 bila sindano yake, pamba, na vitambaa visivyohesabika. Maziwa maalumu ya watoto wa paka nimeulizia duka la dawa za mifugo, muuzaji kaishia kucheka. Nianze na lipi?

ChumaMchicha

Kaka, paka si wamejaa mjini? Nenda Mgandini sokoni wakati wa kupaa samaki, utachagua na rangi.

MkungaMstaafu

Chuma Mchicha, mwanangu, kama huna la kusaidia pisha mlangoni watu wapite.

Fundi, waaleikum salaam. Hilo bomba liweke chini. Usimpe kitu chochote cha kunywa sasa hivi, si maziwa, si uji, si maji ya mchele. Mtoto aliyepoa halishwi. Nimezalisha wanawake miaka mingi mkoani humu kabla sijastaafu, na sasa niko Makorora nalea watoto wa paka, hawa wasio na kadi ya kliniki. Neno ni lilelile: joto kwanza, chakula baadaye. Mwili ukipoa utumbo unasimama. Maziwa unayomtia yanakaa tumboni yanachacha, tumbo linavimba, mtoto anakufa ameshiba. Wengi wanaolia kwamba "alikula vizuri usiku, asubuhi tukamkuta amekufa", ndivyo walivyowapoteza.

Huyo anayesema Tanga ina joto, mwambie kwamba mtoto wa paka wa wiki ya kwanza hawezi hata kutetemeka kwa baridi. Hana uwezo huo. Anategemea tumbo la mamake na ndugu zake. Hewa inayomzunguka inatakiwa iwe nyuzi 29 hadi 32 usiku na mchana, na sisi tuko Julai, kusi inavuma, alfajiri unajifunika shuka. Wewe mtu mzima unajifunika, yeye ana nini?

Fanya hivi. Vua shati, muweke kifuani pako ngozi kwa ngozi, jifunge leso juu yake. Ndiyo ile njia ya kangaruu tunayowafundisha akina mama waliojifungua njiti. Ukichoka, jaza chupa ya plastiki maji ya moto unayoweza kuyavumilia mkononi, ifunge kwa kitambaa, ilaze upande mmoja wa boksi. Upande mmoja tu, ili akiona joto limezidi ajisogeze. Usimuweke juu ya jiko la mkaa wala juani, na usimtumbukize kwenye maji ya moto. Apate joto taratibu, saa moja, mbili, hata tatu. Ukimharakisha moyo unashindwa.

Wakati anapata joto, koroga glukosi kidogo kwenye maji yaliyochemshwa, chovya kidole, mpake kwenye fizi. Unapaka tu, humnyweshi. Rudia kila baada ya dakika chache. Sukari yake ya damu lazima imeshuka, ndiyo maana hana sauti.

Utajuaje amepata joto? Mtie ncha ya kidole mdomoni. Kama ndani kuna baridi, bado. Mwenye kipimajoto kile cha namba akipake mafuta, akiingize nyuma kidogo sana: wiki ya kwanza mwili wake ni nyuzi 35 hadi karibu 38. Chini ya 35, hakuna maziwa.

Boksi liweke juu ya stuli, na kila mguu wa stuli uchovye kwenye kopo la maji ya sabuni. Sisimizi kama uliowakuta kibandani watamfuata hata chumbani, wanaifuata harufu ya kitovu.

Akipata joto niambie, nikueleze maziwa.

BwanaMifugo_Bagamoyo

Salaam kutoka Bagamoyo. Mimi ni afisa mifugo, na ninachoweza kukiongeza kwa Bi Mkunga ni machache.

Panadol: usijaribu hata tone. Ini la paka halina namna ya kuivunja dawa hiyo kama letu. Damu inaharibika, inashindwa kubeba hewa, fizi zinageuka rangi ya udongo, anakufa. Paka mkubwa anauawa na kidonge kimoja, seuze huyu. Mafuta ya taa yanaunguza ngozi na mapafu. Na zile dawa za unga za viroboto za mbwa, nyingi zina permethrini, ambayo kwa paka ni sumu ya mishipa ya fahamu. Ukitaka kutoa viroboto, tumia chanuo la chawa: chana, chovya kwenye maji ya sabuni, chana tena. Ila subiri apate joto, usimlowanishe akiwa amepoa. Usichelewe pia siku nzima, maana viroboto wengi wanatosha kummaliza damu. Mfunue mdomo uangalie fizi. Pinki, sawa. Nyeupe, kazi ni kubwa.

Yaliyomtokea puani ni jambo la kuangalia. Akipaliwa, maziwa huingia kwenye mapafu. Mtegee sikio kifuani: ukisikia kama maji yanatokota, au anahema mdomo wazi, hiyo ni nimonia na inahitaji antibayotiki iliyopimwa kwa uzito wake. Usigawe kapsuli ya watu kwa macho. Tafuta daktari wa mifugo. Kila halmashauri ina ofisi ya mifugo, anza hapo hata kama wamezoea ng'ombe zaidi.

Kuhusu shemeji mjamzito: kinachoogopwa ni kimelea kiitwacho toksoplasma, na hutoka kwenye kinyesi cha paka aliyekula panya au nyama mbichi yenye vimelea. Mtoto anayenyonya tu, uwezekano ni mdogo sana. Hata hivyo kazi ya kumpangusa fanya wewe, na kunawa kwa sabuni iwe sheria ya nyumba. Shemeji aogope zaidi nyama isiyoiva na kachumbari ya mboga zisizooshwa.

FundiNgamiani

Bibi, shikamoo. Bwana mifugo, nashukuru. Nimeshinda naye kifuani huku nashona, wateja wananitazama tu. Mdomo ndani sasa una joto, na kalia! Sauti kabisa, hadi mke wangu katoka jikoni. Fizi ni pinki iliyofifia, si nyeupe. Kifuani sisikii kitu. Nimempeleka kwa muuza viungo akanipimia kwenye mizani yake ya dijitali: gramu 84. Nimpe nini?

MkungaMstaafu

Marahaba mwanangu. Gramu 84 ni mdogo lakini wapo wanaozaliwa hivyo. Wa kawaida anazaliwa karibu na gramu 100, na akilishwa sawasawa anaongeza kama gramu 10 kila siku. Huyo muuza viungo mfanye rafiki, mzani ndio utakaokwambia ukweli kabla macho yako hayajaona. Siku uzito ukisimama ujue kuna jambo. Ukishuka, usingoje kesho.

Mlo wa kwanza usiwe maziwa, kwa sababu ameharisha. Nunua pakiti ya ORS, ile dawa ya unga ya wanaoharisha, changanya na maji yaliyochemshwa kwa kipimo kilichoandikwa, mpe mililita moja, vuguvugu, tone kwa tone. Rudia kila saa hadi uone uharo umepungua, halafu ingia kwenye maziwa.

Maziwa ya ng'ombe matupu achana nayo. Najua Tanga ni mji wa maziwa, lakini maziwa ya paka ni mazito zaidi kwa mafuta na protini, na sukari ile ya maziwa ya ng'ombe ndiyo inayomharisha. Ya mbuzi yana kasoro hiyohiyo. Ya unga ya watoto wa binadamu ni mepesi kwake. Ukikosa yale maalumu, mseto wa dharura ni huu: maziwa mazito ya kopo yasiyo na sukari mililita 30, maji yaliyochemka mililita 30, mtindi mzito usiotiwa sukari mililita 40, kiini cha yai kimoja. Ute usiutie. Piga vizuri, chuja kwa kitambaa safi, weka kwenye friji, kesho yake mwaga utengeneze mengine. Ni ya kumvusha tu siku chache. Mwambie ndugu yeyote aliye Dar es Salaam au Mombasa akuulizie yale maalumu, huko yanapatikana, mabasi ya kuja Tanga hayakosekani.

Kila mlo mililita 2, usizidi 4 hata akikulilia, tumbo lake ndipo linapoishia. Kila baada ya saa mbili, na usiku vilevile. Ndiyo, usiku vilevile. Nilimlea mmoja wakati wa mfungo, nikawa namuunganisha na daku, nikaona Mungu kanipangia ratiba. Jaribu maziwa kwenye kiganja chako upande wa juu, yawe vuguvugu la mwili.

Na sasa lile ambalo mama mwenye nyumba hakulijua: paka hanyonyi chali. Mtoto wa binadamu tunamlaza chali mkononi, paka analala juu ya tumbo lake, kichwa kimeinuka kidogo, kama anavyonyonya kwa mamake. Ncha ya bomba ipitie pembeni mwa mdomo, bonyeza kidogo, mwache ameze, bonyeza tena. Yakitoka puani acha papo hapo, inamisha kichwa, futa. Kama hamezi mwenyewe usimlazimishe, mrudishe kwenye joto.

Akimaliza, msugue mgongo abeue. Halafu chukua pamba iliyochovywa maji ya vuguvugu, umpanguse sehemu za siri taratibu hadi akojoe. Peke yake hawezi, mamake humramba. Mkojo ukiwa mweupe kama maji, vizuri. Ukiwa wa njano iliyokolea, ana kiu.

BwanaMifugo_Bagamoyo

Nakubaliana na yote. Kitovu angalia kila siku: kinaanguka chenyewe ndani ya siku tatu hadi tano hivi, usikivute. Kipake ayodini. Pakivimba au kutoa usaha, ni vijidudu vinavyoingia mwilini, daktari. Macho yatafunguka kati ya siku ya 7 na ya 14. Yakivimba yakiwa bado yamefunga, au tongotongo ikachungulia, hapo pia usisubiri yafunguke yenyewe, kuna usaha ndani unaoharibu jicho.

Na niseme wazi, kaka. Wa umri huu, bila mama, wengi hufa hata mikononi mwa wataalamu. Kama hakupata maziwa ya mamake siku ya kwanza, kinga aliyo nayo ni kidogo.

FundiNgamiani

Nimewasoma. Uharo umekuwa mzito kidogo baada ya ORS, na mililita 2 za mseto amemeza bila kupaliwa. Mkojo ni wa njano, sijui niseme umekolea au la. Rangi ya chai ya tangawizi isiyo na majani, basi.

Bibi, umesema uko Makorora. Hapo kwenu hakuna paka anayenyonyesha? Nasikia paka hukubali watoto wa wenzao.

MkungaMstaafu

Hiyo njano bado, ongeza ORS katikati ya milo. Paka yupo, kwa jirani yangu muuza mihogo, ana watoto wawili wa wiki moja na maziwa yamemjaa. Mlete. Hakuna mseto utakaolingana na chuchu.

BwanaMifugo_Bagamoyo

Bi Mkunga, hapo naomba nipinge. Anaharisha, ana viroboto, hatujui mamake alikuwa na nini. Ukimuweka leo, unaweza kuwapa ugonjwa wale wawili wazima. Uharo ukome kwanza, viroboto viishe, daktari amuone, ndipo.

MkungaMstaafu

Sawa, umenishinda kwa haki. Wodini nami nilikuwa natenga wenye homa. Basi tuanze na harufu. Fundi, nipe kitambaa kimoja kati ya hivyo visivyohesabika, safi, kisichofuliwa kwa sabuni ya manukato. Nitakilaza chini ya wale watoto, kishike harufu yao. Siku bwana mifugo akiruhusu, utamfuta wako kwa kitambaa hicho mwili mzima kabla ya kumuweka kwenye chuchu. Mama akimramba, tumefaulu. Akinguruma, mtoe haraka.

FundiNgamiani

Nitapita na kitambaa nikienda ofisi ya mifugo asubuhi, nimewapigia wamesema daktari atakuwepo. Huyo paka wa jirani anakubali kuguswa na mgeni?

MkungaMstaafu

Anakubali kwangu mimi. Wewe utaondoka na kucha mkononi. Kitambaa niachie, na muuza mihogo usimwambie kitu, nitaongea naye mwenyewe.

ChumaMchicha

Fundi, nina kopo mbili za maziwa mazito dukani, hayana sukari. Niko karibu na Mkwakwani. Pita uchukue, bure.