Matema au Mbamba Bay? Familia inatokea Njombe, mwezi wa sita

Mama_Lupembe
Habari zenu wadau. Shule zikifungwa Juni tunataka kushuka Ziwa Nyasa, tulale usiku nne. Tupo wakubwa wanne na watoto wawili, mmoja ana miaka 5, mwingine 9. Gari ni dogo, la chini. Nimebaki na sehemu mbili: Matema, kijiji cha ufukweni chenye nyumba za wageni kando ya maji, au Mbamba Bay, mji wa bandari. Naomba mnilinganishie barabara, maji, chakula na afya ya watoto. Tunatokea Njombe mjini.

Dereva_Makambako
Kutokea Njombe ndipo ugumu ulipo, mama. Mtu wa Mbeya hana haja ya kuuliza: Matema kwake ni mwendo wa kama saa tatu, na Mbamba Bay ni zaidi ya kilomita 600 kwa kuzungukia Makambako na Songea. Wewe uko katikati. Kupitia Makambako, Uyole na Tukuyu hadi Matema ni kama kilomita 350. Kupitia Songea na Mbinga hadi Mbamba Bay ni kama 400. Kote ni lami. Vipande vilivyokuwa vinawarudisha watu njiani, yaani Mbinga–Mbamba Bay (kilomita 66) na Kikusya–Ipinda–Matema (39), vimeshawekwa lami, kwa hiyo gari la chini lisikutishe.

Kinachotofautiana ni hatari za njiani. Njia ya Matema inakuingiza barabara kuu ya Tunduma, malori mwanzo mwisho. Mteremko wa Inyala kabla ya Uyole usijipenyeze katikati ya malori mawili. Moja likikosa breki huna pa kukimbilia. Baada ya Uyole unapanda hadi Isyonje, kuna ukungu na baridi, kisha unashuka kutoka zaidi ya mita 2,000 hadi chini ya mita 500 ziwani. Hapo shuka na gia. Gari la mkono weka ya tatu, penye kona kali ya pili. La otomatiki toa kwenye D weka 2 au L. Ukikanyaga breki muda wote, mafuta ya breki yanachemka na kutoa mvuke, pedali inazama bila kushika. Ukisikia harufu ya kuungua simama pembeni nusu saa. Usimwagie rimu maji, diski zinapinda.

Njia ya Songea ina malori machache ila ni nyembamba, kona nyingi, na kipande cha mwisho kutoka Mbinga kinashuka milima ya Wamatengo kwa kujikunja. Ondoka Njombe saa 12 asubuhi ufike kabla ya giza.

Mwana_Ipinda
Dereva kamaliza ya barabara. Mimi niseme la maji, maana wewe unakwenda Juni na hilo linabadilisha mambo.

Kuanzia Mei hadi Agosti unavuma upepo wa kusini-mashariki. Ziwa lina urefu wa zaidi ya kilomita 550 na Matema iko ncha ya kaskazini kabisa, kwa hiyo mawimbi yanakuja yakikusanya nguvu njia nzima na kupasukia hapo. Mara nyingi asubuhi hadi saa 3 au 4 ziwa limetulia, mchana linachafuka. Mtoto wa miaka 5 aoge asubuhi, mchana acheze mchangani. Upepo ukishika siku mbili tatu mfululizo, hata hiyo asubuhi msiitegemee. Na midomo ya mito msiisogelee kabisa, kuna mamba. Waulizeni wenyeji kabla ya kuingia popote.

Pamoja na hayo, kwa watoto bado nasema Matema. Unalala hatua chache kutoka mchangani, gari unaliacha hadi siku ya kuondoka, na Milima ya Livingstone inazama ziwani pale pale mbele yako. Angalizo ni chakula: ukitaka samaki mchana, agiza asubuhi. Hawawekwi tayari, wanafuatwa kwa wavuvi. Fedha toeni Tukuyu au Kyela mjini.

Mnyasa_wa_Liuli
Naheshimu, kaka, lakini kwa Juni hoja yako mwenyewe inampeleka Mbamba Bay. Ile ni ghuba, imekingwa na vilima na miamba, na iko pwani ya mashariki, hivyo upepo huo unatokea zaidi nchi kavu. Ziwa halitulii kama bwawa, ila si sawa na kupokea mawimbi ya ziwa zima. Miamba nayo ina samaki wadogo wa rangi, wa bluu na njano, unawaona ukisimama tu kwenye jiwe. Viatu vya mpira kwa watoto ni lazima, mawe yanateleza.

Halafu ni mji. Kuna soko, maduka, mama lishe, dagaa wanaoanikwa kwenye vichanja, na hupangiwi saa ya kula. Watu wazima wanne watachoka kukaa mchangani siku nne. Pale mnaweza kwenda Liuli, kaskazini kidogo, kuona bandari ya zamani ambako tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza Gwendolen iliishambulia ya Wajerumani, Hermann von Wissmann. Hasara yake: gesti nyingi ziko ndani ya mji, si ufukweni, na usiku kuna kelele. Uliza chumba kinatazama wapi kabla ya kulipa.

Nesi_Nyanda
Kwa afya sehemu zote mbili ni sawa, msidanganyane. Kichocho kipo ziwani. Hatari kubwa ni maji yaliyotulia yenye matete na majani, karibu na makazi, hasa mchana jua likiwa kali. Mchanga mtupu unaopigwa na mawimbi una nafuu, ila haimaanishi hakuna. Mkitoka majini jifuteni papo hapo. Dawa ya kichocho, praziquantel, msiwape watoto siku ya kurudi, haiui minyoo michanga. Subirini wiki sita hadi nane, mpime. Mkojo utolewe kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, ndipo mayai yanapotoka kwa wingi. Dozi inapimwa kwa uzito, miligramu 40 kwa kilo, kwa hiyo mtoto apimwe uzito kwanza.

Malaria ndiyo inayonitisha zaidi. Watoto wa Njombe hawana kinga nayo. Bebeni chandarua chenu chenye dawa. Homa yoyote ndani ya miezi miwili baada ya kurudi, mwambieni daktari mlikuwa ziwani, maana huku baridini ataanza kuwaza mafua.

Mama_Lupembe
Asanteni sana. Nimevutwa na Matema. Je, nikatize Makete na Kitulo hadi Isyonje nikwepe malori? Na meli vipi?

Dereva_Makambako
Njombe hadi Makete lami ipo. Kutoka hapo hadi Isyonje kuna vipande vya vumbi na mawe, gari lako litagusa chini. Juni hakuna tope lakini akiba ya kilomita haifiki hata 50. Pita Makambako.

Mwana_Ipinda
MV Mbeya II ilitengenezwa kwa abiria 200 na tani 200 za mizigo. Inatumia bandari ya Kiwira, maana Itungi ilijaa mchanga. Msiiweke kwenye ratiba bila kuulizia bandarini wiki hiyo hiyo.

Ukifika Matema, chukua vyungu vya Wakisi, wafinyanzi wa kijiji jirani cha Ikombe. Gonga kwa kidole: kikilia vizuri ni kizima, kikitoa sauti ya kufa kina ufa. Kila kimoja kizungushie majani makavu ya migomba, pakia kifudifudi, visigusane. Vikigongana njiani vinapasuka mdomoni. Nyumbani kiloweke usiku kucha, kisha chemshia maji ya pumba kwa moto mdogo. Moto mkali siku ya kwanza unakipasua kitako.