Kwa nini nzi wetu wa matunda walizaa aina mbili badala ya nne?

Swali

Katika maabara tulimpandisha nzi wa kijivu mwenye mabawa ya kawaida, aliyerithi kwa mzazi mmoja aleli fichu (matoleo ya jeni ambayo sifa zake hazionekani palipo na toleo la kawaida) za mwili mweusi na mabawa yaliyodumaa, na nzi mweusi mwenye mabawa yaliyodumaa. Thomas Hunt Morgan, mwanasayansi Mmarekani aliyechunguza urithi kwa kutumia nzi hawa, katika mpandisho kama huu, alipata wa kijivu wenye mabawa ya kawaida 965, weusi wenye mabawa yaliyodumaa 944, wa kijivu wenye mabawa yaliyodumaa 206 na weusi wenye mabawa ya kawaida 185. Sisi tulipata aina mbili za kwanza tu. Tumekosea wapi, ndugu zangu?

Jibu la kwanza

Jeni hizo mbili zingekuwa kwenye kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli) tofauti, kila aina ingekaribia robo ya uzao. Kwa kuwa zimo katika kromosomu moja, hurithiwa pamoja, isipokuwa pale kromosomu mbili za jozi zinapobadilishana vipande wakati wa meiosisi, yaani mgawanyiko wa seli unaotengeneza mbegu na mayai. Ndiyo maana waliochanganya sifa za wazazi walikuwa 391 tu kati ya 2,300, yaani asilimia 17. Nadhani mlihesabu nzi wachache mno.

Muuliza swali

Ahsante, lakini tulihesabu zaidi ya 300, na tukarudia.

Jibu la pili

Basi uchache si sababu, kwani kwa kiwango hicho mngepata takriban 50 wenye sifa mchanganyiko. Naomba kujua jambo moja: yule mzazi wa kijivu alikuwa dume au jike? Nauliza kwa sababu nzi dume wa spishi hii, tofauti na viumbe wengi, kwa kawaida hafanyi mabadilishano ya vipande kabisa, jambo ambalo Morgan mwenyewe alilieleza mwaka 1912. Ile asilimia 17 ni ya jike peke yake, na vitabu vingi, kwa bahati mbaya, hulipitia jambo hili harakaharaka.

Muuliza swali

Alikuwa dume!

Jibu la pili

Kwa hiyo matokeo yenu ni sahihi, na yanafaa kuandikwa kwenye ripoti kama yalivyo. Rudieni mkitumia jike wa kijivu na dume mweusi, ila jike huyo atengwe ndani ya saa 8 tangu atoke kwenye buu-bwete (pupa, hatua ya mwisho kabla ya nzi kamili), kwa maana akishapandwa huhifadhi mbegu za dume wa kwanza, nazo zitavuruga hesabu yote.