Tabibu wa karne ya 18 alimwongozaje kwa barua mgonjwa aliyeanza kupata nafuu?

Msomaji wa Historia aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, nimekuwa nikisoma habari za matabibu wa Ulaya wa karne ya 18 waliotibu watu kwa njia ya posta, wengine bila kuonana na mgonjwa hata mara moja. Kwa homa kali naona njia hiyo haikufaa, kwa sababu jibu lilipofika mgonjwa alikuwa ama ameamka ama amezikwa. Kinachonivutia ni kipindi kinachofuata, homa ikiwa imekwisha lakini mtu bado hana nguvu ya kushuka ngazi. Je, tabibu aliye mji mwingine alijuaje wakati wa kumruhusu mgonjwa ale nyama, atoke nje au arudi kazini? Na maagizo hayo yalihusu dawa zaidi, au namna ya kuishi?

Mpenda Nyaraka alijibu:

Ndugu, umegusa mahali ambapo, kwa maoni yangu, utabibu wa barua ulifaa kuliko kwingine kote. Kurudisha nguvu huchukua wiki na miezi, kwa hiyo barua iliyochelewa siku tano haikuharibu kitu.

Alijuaje? Alisimuliwa. Samuel-Auguste Tissot, tabibu wa Lausanne, Uswisi, alichapisha mwaka 1761 kitabu cha ushauri wa afya kwa watu wa kawaida, na ndani yake akaweka maswali ya kujibiwa na yeyote anayetaka kumwandikia tabibu: mgonjwa ana umri gani, afya yake ilikuwaje hapo awali, anaishi maisha ya namna gani, ugonjwa ulianza lini na vipi, mapigo ya mshipa ni magumu au laini, anashinda kitandani au anaamka, analalaje, ana kiu, ana hamu ya kula, choo na mkojo vikoje. Aliyejibu maswali hayo vizuri alikuwa amekwisha kufanya nusu ya kazi ya tabibu.

Mwandishi wa barua hakulazimika kuwa mgonjwa mwenyewe. Mara nyingi alikuwa mume, mzazi, rafiki, au mganga wa karibu aliyeishiwa maarifa. Mnamo Machi 1784 mwandishi James Boswell, akiwa Uskoti, aliwaomba ushauri matabibu wa Edinburgh, akiwemo William Cullen, kwa ajili ya rafiki yake Samuel Johnson, mwandishi mzee wa miaka 74 aliyekuwa London, ambaye pumu na uvimbe wa maji vilikuwa vimemfungia ndani majira yote ya baridi na ndiyo kwanza alikuwa anapata ahueni. Boswell naye hakuwa kando ya kitanda, bali alitegemea yale ambayo Johnson alikuwa amemwandikia. Matabibu wakatoa majibu yao bila kumshika mgonjwa mshipa.

Kuhusu maagizo, dawa zilikuwepo, hasa magome ya mti wa sinkona yaliyotolewa kuimarisha mwili baada ya homa, lakini sehemu kubwa ilihusu namna ya kuishi. Matabibu walifuata mambo sita yaliyorithiwa kutoka mapokeo ya Galen, tabibu wa kale wa Kigiriki: hewa, chakula na kinywaji, mwendo na mapumziko, usingizi na kukesha, vinavyotoka mwilini na vinavyobaki, na hisia za moyo. Mtu anayepata nafuu alihesabiwa kuwa si mgonjwa wala si mzima, na hofu kubwa ilikuwa maradhi kumrudia. Ndiyo maana chakula kilirudishwa kwa hatua, kwanza uji wa shayiri, supu ya kuku au maziwa ya punda, kisha nyama nyeupe, na nyama nzito mwishoni kabisa. Mwendo nao ulipandishwa hivyo hivyo: kukaa kitini, kutembezwa kwa gari la farasi, halafu kupanda farasi, zoezi ambalo tabibu Mwingereza Thomas Sydenham alikuwa amelisifu sana katika karne iliyotangulia.

Asiyeweza kutoka alitafutiwa njia nyingine. George Cheyne, tabibu wa mji wa Bath, alimshauri Samuel Richardson, mpiga chapa wa London, atumie farasi wa chumbani, yaani kiti kilichowekwa juu ya ubao mrefu ulioegemezwa ncha zote mbili, wenye kunesa katikati, ili mkaaji arukeruke kana kwamba yuko juu ya tandiko.

Asiyeshawishika alijibu:

Maelezo ni mazuri, lakini tusisahau ni nani aliyeandikiwa. Maziwa ya punda, gari la farasi na safari ya kwenda Bath kunywa maji ya chemchemi havikuwa vya kibarua, ambaye alirudi kazini mara tu miguu ilipoweza kumbeba. Hata barua yenyewe ilikuwa gharama: Uingereza, kabla ya mageuzi ya posta ya mwaka 1840, kwa kawaida mpokeaji ndiye aliyelipa, na malipo yalipanda kwa umbali na kwa idadi ya karatasi. Juu ya hayo kulikuwa na ada ya tabibu.

Mpenda Nyaraka alijibu:

Nakubali kabisa. Naongeza tu kwamba kujua haya tuliyo nayo kunatokana na uangalifu wa watu wachache. Cullen alihifadhi barua alizopokea pamoja na nakala za majibu yake. Awali nakala zilifanywa kwa mkono, na tangu 1781 akatumia mashine ya kunakili ya mvumbuzi James Watt: karatasi nyembamba yenye unyevu iligandamizwa juu ya barua iliyoandikwa kwa wino maalumu, maandishi yakajichapa kinyume, yakasomwa kwa upande wa pili. Maelfu ya barua hizo yako katika Chuo cha Kifalme cha Matabibu cha Edinburgh na yanasomeka kwenye intaneti.

Msomaji wa Historia aliuliza:

Shukrani. Je, wagonjwa walitii?

Mpenda Nyaraka alijibu:

Tabibu hakuwa na namna ya kuwalazimisha. Mgonjwa aliandika alichotaka kijulikane, akanyamazia divai aliyokunywa jana, na kama jibu halikumpendeza alimwandikia tabibu mwingine. Kwa hiyo tabibu alilazimika kubembeleza. Cheyne, ambaye wakati mmoja alizidi kilo 200, alitumia mwili wake mwenyewe kama ushahidi: alisimulia jinsi maziwa na mboga vilivyomwokoa, akamsihi Richardson afuate mlo huohuo, na ilimbidi arudie ombi hilo barua baada ya barua.