Eti nirudi skuli! Leo kisiwani Chumbe, mbele ya watu wote

Nimeteremka botini sasa hivi, chumvi haijanikauka mwilini. Nyote mnamjua. Yule wa kofia ya ukindu, anayekusanya watu kwa safari za boti kila wikiendi.

Chumbe nimeitamani miaka. Mnara ule wa taa umesimama tangu 1904, na mpaka leo unaongoza vyombo usiku. Nikaingia nyumba ya zamani ya mlinzi wa taa, ndimo yalimowekwa maelezo ya kisiwa. Nasoma habari za paa nunga, yule paa mdogo wa msituni, kidole kiko kwenye mstari wa tatu. Mara nyuma yangu: "Ukitaka kusoma rudi skuli!" Boti nzima ikacheka, nadhani hata samaki walicheka. Mimi, mtu mwenye wajukuu!

Akapanda ngazi 131 akihema kama punda aliyepakiwa mawe. Kule juu bahari yote imetandikwa chini yako, yeye anaangalia simu. Halafu anarudia: "Mwalimu bado anasoma?" Na ndiye aliyekutwa na kombe mfukoni, wakati tumeambiwa hata gamba moja halitoki kisiwani! Angesoma angejua. Paa nunga wamebaki Unguja na pwani ya Kenya tu, dunia nzima, nisisome?

Rudi skuli. Mbele ya watu!

BintiMalindi: Pole Bi Mkubwa. Huyo mimi alinitoza nauli mara mbili na chenji yangu hajarudisha.

Nahodha_Mstaafu: Mstari wa tatu ulisoma saa ngapi? Wenzio jua linawachoma.

Mwenye uzi: Dakika nne! Na wewe ulikuwemo ukicheka nini?

Nahodha_Mstaafu: Nilicheka kidogo.

PwezaMkavu: Kaa wa nazi mlimwona?

Mtoto_wa_Fuoni: Mchana anajificha mashimoni, hutoka usiku. Rafiki yangu alilala huko, kaa akamburura ndara moja mpaka kichakani.

PwezaMkavu: Ndara ya kulia au kushoto?

BintiMalindi: Jamani chenji yangu.

Mtoto_wa_Fuoni: Ya kushoto. Mimi kero yangu ni chakula cha safari zake, mkate mkavu na chai ya baridi.

PwezaMkavu: Afadhali nyie mlipata mkate. Sisi safari yake ya Kwale tulipewa embe moja watu watatu.

Mtoto_wa_Fuoni: Embe dodo au bolibo?