Naenda Guangzhou Februari kufuata nguo za watoto za Eid, naambiwa Wachina wanafunga maduka. Ni kweli?

Kiranja wa Mtaa
Wakuu, habari za jioni. Nina mpango wa kwenda Guangzhou mwezi wa pili kuchukua nguo za watoto, magauni na suti ndogo, mzigo upande ndege uwahi Eid. Ndiyo mara yangu ya kwanza. Jana mtu kaniambia Wachina wana sikukuu yao na maduka yanafungwa. Wengine wanasema ni siku moja tu kama Krismasi yetu. Walioko huko au waliowahi kufika naomba mwongozo, na kama kuna lodge ya bei nafuu Xiaobei, ule mtaa wa Waafrika pale Guangzhou, mnitajie. Natanguliza shukrani.

Kontena Futi 40
Siku moja? Mwaka wao mpya unaangukia Jumanne tarehe 17 Februari 2026. Serikali imetoa mapumziko kuanzia Jumapili tarehe 15 hadi Jumatatu tarehe 23, siku tisa mfululizo. Hizo ni za maofisi na mabenki. Soko halifuati karatasi ya serikali. Wafanyakazi wa viwanda vya Guangdong, jimbo lenye Guangzhou, wengi ni watu wa majimbo ya Hunan, Sichuan na Henan huko, wanaona wazazi wao mara moja kwa mwaka. Wanaanza kuondoka wiki mbili kabla, na tajiri akibaki peke yake anafunga shata. Unakwenda tarehe ngapi?

Shangazi Magomeni
Xiaobei usikae, kuna kelele. Tafuta Sanyuanli, vyumba vizuri na chakula cha Kiafrika kipo.

Kiranja wa Mtaa
Asante shangazi. Mkuu Kontena, tarehe bado naziangalia, ila ni katikati ya mwezi hapo.

Dokta Pweza
Mnanikumbusha mbali. Niliwahi kunasa stesheni ya Guangzhou msimu wao wa kusafiri, ule wa siku 40, mwaka huu unaanza Februari 2 mpaka Machi 13. Ndugu zangu, mnajua Ubungo ya zamani ile tarehe 23 Desemba? Basi ile ni msiba wa mtu asiye na ndugu. Tiketi za treni zinafunguliwa siku 15 kabla, zinaisha ukiwa bado unaandika namba ya pasipoti. Nilitaka kwenda Yiwu, mji wa soko la jumla, nikaishia kulala kwa Mnigeria mmoja aliyenipikia ugali wa semolina. Yiwu kwenyewe nikaja kuambiwa soko lilikuwa limefungwa.

Kontena Futi 40
Kiranja, "katikati ya mwezi" si tarehe. Umeshakata tiketi au hujakata?

Kiranja wa Mtaa
Nimekata. Naingia tarehe 12, narudi tarehe 23. Ilikuwa rahisi sana, ningeiacha ningelia. Halafu si bora niwe pale pale kabla hawajafunga? Tarehe 12, 13, 14 si siku za kazi? Nimesoma Jumamosi ya tarehe 14 wanafanya kazi.

Mzee wa Bandari
😂😂😂 Anaingia wakati watu wanafunga mabegi, anaondoka wakati wanafungua. Kijana, wengi wanafungua duka siku ya nane ya mwaka mpya maana nane wanaiona ya bahati. Siku ya nane ni tarehe 24. Wewe tarehe 23 uko uwanja wa ndege unapunga mkono.

Kontena Futi 40
Hiyo Jumamosi ya 14 ni ya kufidia. Wachina wanapewa siku tisa lakini wanazilipa kwa kufanya kazi Jumamosi ya tarehe 14 na ya tarehe 28. Afisa wa benki atakuwepo dirishani, muuza magauni wa soko la Shisanhang hatakuwepo. Na hata ukipata mzigo, maghala ya kago yanapokea mzigo wa mwisho siku kadhaa kabla, madereva nao wamekwenda makwao. Ukichelewa, nguo zako zinakaa ghalani mpaka watu warudi. Masoko mengine ya jumla hayachangamki mpaka ipite sikukuu ya taa, siku ya 15, ambayo mwaka huu ni Machi 3. Eid ni Machi 20 au 21 kutegemea mwandamo. Nani atanunua suti ya mtoto baada ya Eid?

Shangazi Magomeni
Na Ramadhani si inaanza tarehe 18 au 19 hapo hapo? Mwanangu, utafunga ugenini, mji mtupu. Kuna msikiti wa Xianxian karibu na Xiaobei, penye kaburi wanalosema ni la sahaba Saad bin Abi Waqqas. Futari inapatikana. Kama safari haiahiriki angalau ukazuru.

Kiranja wa Mtaa
Nashukuru shangazi, ila sikuja kuuliza ziara. Kuna dada Mtanzania anakaa kule, ameniambia hao wa Xiaobei hawafungi, yeye ana watu wake watanifungulia ghala hata mwaka mpya. Mnaongea kama wote ni sawa. Biashara ni watu.

Kontena Futi 40
Huyo dada anataka nini kwanza?

Kiranja wa Mtaa
Nusu ya pesa ya mzigo, ili wenye ghala wasiuze kwa mtu mwingine. Ni utaratibu wa kawaida.

Mzee wa Bandari
Utaratibu wa kawaida wa kiwandani ni asilimia 30 mwanzo, 70 mzigo ukiwa tayari na umeukagua. Nusu kwa ghala ambalo mwenyewe yuko kwao Hunan anakula maandazi ya mvuke, huo utaratibu ni mpya kwangu.

Mchunguzi Huru
Ngoja kwanza. Mimi nimepitia nyuzi za huyu bwana. Mwezi wa kumi aliandika yeye ni mwalimu wa sekondari Tabora, anaomba ushauri wa mkopo wa bodaboda. Leo ana duka la nguo za watoto na viza ya China? Wadau, hii ni chai. Anapima upepo, kesho atakuja na "nimetapeliwa, nichangieni".

Dokta Pweza
Chai ya rangi kabisa. Nilishaanza kushangaa mtu anataka kuagiza nguo za Eid mwezi mmoja kabla. Wenzake Kariakoo waliagiza Novemba, mizigo yao iko baharini au imeshafika.

Bint Kilwa
Kwani mwalimu haruhusiwi kufanya biashara? Mnamshambulia mtu badala ya kumjibu.

Mchunguzi Huru
Bint Kilwa, mwalimu shule zimefunguliwa Januari, Februari anakaa China siku kumi na kitu kwa ruhusa ya nani?

Kiranja wa Mtaa
Ni kweli mimi ni mwalimu, sijaficha. Duka ni la dada yangu, Mtaa wa Aggrey. Yeye kajifungua, hawezi kusafiri, ndiyo maana naenda mimi, na ruhusa nimepata. Pesa ni yake na wenzake wa kikoba, wanagawana Aprili. Viza ipo. Sioni uongo uko wapi.

Shangazi Magomeni
Subhanallah. Pesa ya kikoba! Hiyo ni amana ya wanawake wa watu, wengine wameweka hela ya ada. Dada yako anajua habari ya sikukuu?

Kiranja wa Mtaa
Anajua naenda China.

Mzee wa Bandari
Jibu hilo 😂

Kontena Futi 40
Mimi chai sijali, nijibu mtu aliyeuliza. Kama viza unayo, omba KUWAHISHA tiketi, uwe Guangzhou kabla ya Februari 5. Lipa faini ya kubadilisha, ni ndogo kuliko hasara. Nunua mzigo ulio tayari tu, usiagize kushonewa, upeleke kago siku hiyo hiyo. Ukishindwa, usiende. Chukua mzigo wa Eid kwa wa jumla hapo hapo Kariakoo, faida itakuwa nyembamba lakini hela ya kikoba inarudi. China nenda Machi katikati. Na kwa dada wa ghala usitume kitu.

Kiranja wa Mtaa
Nilishatuma kidogo. Si nusu, kidogo tu. Kuwahisha nimeuliza, faini inakaribia bei ya tiketi yenyewe. Nafikiria niende hivyo hivyo, nikae mpaka tarehe 26 nione wakifungua. Hiyo siku ya nane mliyosema ni ya uhakika?

Mchunguzi Huru
Mnaona? Anachagua jibu analolitaka.

Bint Kilwa
Mpigie dada yako usiku huu, si huyo wa Guangzhou, huyo wa Aggrey.

Tumbaku Mbichi
Samahani kuingilia uzi. Mimi naenda Canton Fair ya Aprili, yale maonyesho ya biashara ya Guangzhou, nataka awamu ya tatu, Mei 1 hadi 5. Nikaona Mei 1 hadi 5 nao wako mapumziko ya Mei Mosi. Maonyesho yanafungwa?

Kontena Futi 40
Hayafungwi, awamu ya tatu iko hapo hapo kila mwaka. Ila ukitaka kutembelea kiwanda siku hizo utakuta mlinzi. Viwanda vitembelee kabla, wiki ya Aprili 23 hadi 27. Na hoteli za jirani na Pazhou, penye maonyesho, kata sasa hivi.