Tupeane uzoefu: pikipiki ya kruza (ya siti ya chini, ya safari) ya cc 250, uiboreshe au uuze ununue kubwa?

Wakuu, habari za jioni. Nipo Tanga, Chumbageni, naendesha Yamaha Virago 250. Kwa hapa mjini haina mpinzani: siti ipo chini, uzito kama kilo 150, kona za Ngamiani naikunja bila kushusha mguu. Shida inaanza nikimpakia mama watoto twende Lushoto kwao. Hadi Mombo inavumilika. Kile kipande cha kilomita 33 cha kupanda sasa, gia ya tano isahau, ya nne inakohoa. Nina fedha ya kuitengeneza vizuri, au kuiuza na kuongezea nichukue cc 650. Waliopita njia hizi, nataka yaliyowakuta wenyewe, si ya kusikia.

Mdau wa Raskazone:
Ninayo kama hiyo. Nilifunga ekzosi ya wazi, mlio ukawa mtamu kweli. Baada ya hapo kila nikiachia mkono wa mafuta ekzosi inapiga risasi, na injini inachemka kuliko zamani. Nikaipeleka kwa fundi mmoja mtu mzima huko Mikanjuni. Hakuuliza maswali mengi, alifungua plagi. Ilitoka nyeupe kama chaki. Akasema, "Mwanangu, hewa imezidi, petroli haitoshi." Akaweka jeti (kitundu cha kupitishia petroli) kubwa zaidi kwenye kabureta, akawa anageuza skrubu ya mchanganyiko kidogo kidogo huku kainamisha sikio. Tukazunguka, tukafungua plagi tena: kahawia hafifu. Ikatulia. Ila nguvu ya kupanda mlima sikuiona. Injini ile ina farasi 20 hivi, na ekzosi haibadilishi hilo.

Mdau wa Pongwe:
Mkuu, jaribu sproketi (gia za cheni) kabla hujauza, ni bei ndogo. Mimi safari zangu ni Segera, lami tambarare, nikatoka meno 16 mbele kwenda 17. Kwa mwendo uleule mizunguko ya injini inashuka karibu asilimia 6, mikono haifi ganzi tena. Kwako ni kinyume. Punguza jino mbele au ongeza nyuma, itapanda, lakini ukirudi barabara kuu injini italia sana. Vyote viwili hupati.

Mdau wa Sahare:
Niliuza, nina Drag Star 650. Haina cheni, tairi la nyuma linazungushwa na shafti (mhimili wa chuma), na kwa sisi tunaokaa karibu na bahari hilo ni jambo kubwa, maana chumvi inakula cheni hata ukiipaka oili kila wiki. Soni, kwenye huo mlima wa Lushoto, napita na abiria na begi, injini haina habari. Lakini uzito umevuka kilo 200. Kuitoa kinyumenyume kwenye mchanga wa uani naita kijana anisaidie. Na spea usitegemee maduka ya hapa. Naagiza Dar, inakuja na basi, naenda kuipokea stendi ya Kange. Kama pikipiki ndiyo usafiri wako wa kazini kila siku, hilo lipime sana.

Dada wa Muheza:
Samahani kaka zangu, mimi ndiye ninayekaa nyuma. Wote mnaongelea injini. Mume wangu alibadilisha shokapu za nyuma, akaongeza sponji kwenye siti na kunifungia egemeo la mgongo. Pikipiki ni ileile ndogo, mlima tunapanda polepole, na nafika bila kushika kiuno. Kabla hujauza, muulize mwenzio kinachomchosha ni mwendo au ni siti.

Mwenye mada:
Dada, nimemuuliza. Kasema siti, tena bila kufikiri. Basi shokapu na siti vinaanza mwezi huu, sproketi baadaye. Ila Mdau wa Sahare, bado nataka nijaribu hiyo 650 nikiwa na mama nyuma, ili nijue naacha nini.

Mdau wa Sahare:
Jumamosi asubuhi nipo. Njoo naye, na helmeti zenu zote mbili. Tutaanzia Pongwe.