Filamu ya Bombay (1995): toleo gani la kuonyesha, na ndoa ile ilifungwaje kisheria?

Mtazamaji
Wakuu, kikundi chetu cha filamu kinajiandaa kuonyesha Bombay ya Mani Ratnam. Nimekuta toleo la Kitamil na la Kihindi, nichukue lipi? Halafu kuna swali lazima litaulizwa: Shekhar ni Mhindu, Shaila Banu ni Muislamu, na hakuna aliyebadili dini. Msajili aliwafungishaje?

Kinanda
Chukua la Kitamil, mkuu. Ndiyo lugha iliyopigiwa picha. Kwenye la Kihindi midomo inakwenda upande, maneno upande. Manisha Koirala, anayecheza Shaila, mwenyewe alitiliwa sauti na Rohini, lakini imekaa vizuri mno.

Kagua mapema kama maandishi ya tafsiri yanafuata na nyimbo. Nakala nyingi huziruka, na humu mapenzi yanasimuliwa kwa nyimbo. Kwenye "Uyire", iliyopigwa ngome ya Bekal kule Kerala, Shaila anamkimbilia Shekhar, baibui linanasa kwenye nanga, naye analiacha hapo hapo. Asiyeelewa Hariharan anaimba nini atapata nusu tu ya tukio hilo.

Waambie pia watazame baba za wapenzi hao wawili: Nassar, ambaye ni Muislamu, anacheza baba Mhindu wa Shekhar, na Kitty, Mhindu, anacheza Basheer, baba yake Shaila. Ratnam alifanya makusudi.

Sheria_kwanza
Kuhusu ndoa: India ina Sheria ya Ndoa Maalumu ya 1954, hailazimishi mtu kubadili dini. Mwanamume awe na miaka 21, mwanamke 18. Wanapeleka taarifa kwa ofisa wa ndoa wa wilaya ambako angalau mmoja wao amekaa siku 30. Taarifa inabandikwa ofisini, zinasubiriwa siku 30 nyingine za pingamizi, kisha wanatia saini pamoja na mashahidi watatu. Miezi mitatu ikipita tangu taarifa bila ndoa kufungwa, wanaanza upya.

Pingamizi lazima liwe la kisheria, mfano mmoja tayari ana ndoa au ni ndugu wa karibu mno. Hasira za baba hazihesabiki. Panapoharibika ni kwenye tangazo: kama makazi ya kudumu ya mmoja yako wilaya nyingine, nakala hupelekwa kubandikwa huko pia, na familia inapata habari kabla ya harusi. Filamu inapita hapo haraka sana, kwa hiyo ni vizuri uwaeleze.

Mtazamaji
Nashukuru sana wakuu. Na historia, niseme kiasi gani kabla ya kuanza?

Kinanda
Dakika tano zinatosha. Msikiti wa Babri, Ayodhya, ulibomolewa 6 Desemba 1992. Mji wa Bombay (sasa Mumbai) ukawaka mara mbili kwa ghasia za Wahindu na Waislamu, Desemba ile na Januari 1993, na nusu ya pili ya filamu inafuata mawimbi hayo mawili. Tume ya Jaji Srikrishna, iliyochunguza ghasia hizo, ilihesabu waliokufa 900: Waislamu 575, Wahindu 275, waliobaki 50. Taja mgawanyo huo, maana filamu inagawa lawama sawa kwa sawa, na kwangu huo ndio udhaifu wake mkubwa.

Mtu akiuliza mbona milipuko ya mabomu ya 12 Machi 1993 mjini humo haimo kwenye filamu, hadithi inaishia kwenye ghasia za Januari.